Ubeti wa Tatu

Kwenye mashine ya kusaga nafaka alikofanya kazi kwa miaka thelathini na mitatu, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Sikio. Jina hilo lilianza siku aliyokuwa amesimama ng'ambo ya barabara akinunua betri za tochi, mara akaziacha betri, akaacha na chenji yake, akavuka mbio huku akipiga kelele, "Zimeni! Zimeni, beringi inakufa!" Wakazima. Walipofungua, wakakuta beringi imeshaanza kubadilika rangi kwa joto. Zingepita dakika kumi zaidi, wangekuwa wanaokota vyuma darini. Tangu siku hiyo hata mwenye mashine alimwita Sikio, na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alilipokea jina hilo kwa mikono miwili na kifua mbele.

Sifa zikaenea. Mashine ya mtaa wa pili ikigoma, anaitwa Sikio. Ya mtaa wa tano ikianza kutoa unga wa chenga, anaitwa Sikio. Naye alikuwa na madoido yake. Anaingia, anavua kofia, anaamuru watu wote wanyamaze, utadhani kunyamaza kwao kutasaidia nini mbele ya mota inayonguruma. Kisha anaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya bodi ya mashine, anafumba macho, anainamisha kichwa upande. Wateja wanabana pumzi na ndoo zao mkononi. Hukumu zake zilikuwa mbili tu. Akisema "Imekwenda," andaa spana. Akisema "Ipo. Msiiguse," basi sageni mpaka mwakani. Hakuwahi kukosea, na kama aliwahi, hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Mtu wa namna hiyo, ukimwambia redio ya nyumbani kwake imechoka, mnaweza kukosana kabisa. Lakini safari hii aliyesema ni yeye mwenyewe. Alisema Jumapili moja asubuhi, kiganja kikiwa juu ya meza na kichwa kimeinama upande: "Mama watoto, hii redio imekwenda."

Ilikuwa redio kubwa ya kaseti, yenye spika mbili za maboksi ya mbao nzito, kila moja ikimfika mtu kiunoni. Alikuwa ameinunua mwaka aliooa. Juu ya boksi la kulia lilikaa ua la plastiki, juu ya la kushoto ilikaa picha ya harusi, na kwa kuwa mbao zile zilitetemeka muziki ukikolea, picha ilikuwa na tabia ya kutembea. Kanda moja ikiisha, bwana na bibi harusi wameshafika ukingoni, na mkewe anainuka kuwarudisha katikati. Alifanya hivyo kwa miaka yote bila kuona kuwa ni kazi.

Na kanda yenyewe ilikuwa moja. Kanda nyingine zilikuwepo, droo nzima, lakini kila Jumapili baada ya kufua walisikiliza ile moja: kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, iliyorekodiwa ndani ya bwalo la chakula la kiwanda, watu arobaini na ngoma mbili. Mkewe alikuwa mmoja wa wale arobaini. Alisimamia mashine ya kufuma zamu ya alfajiri, akaimba mchana. Katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili, kwenye ubeti wa tatu, ngoma zinapungua, wanaume wanabaki wanaguna kwa chini, na sauti moja ya kike inapanda peke yake:

*Nani kafungua dirisha, nyumba yote imekuwa nyeupe?*

Ndiye huyo. Sikio alikuwa kijana aliyeitwa kiwandani kutengeneza feni ya bwalo siku ya mazoezi. Alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimo ndani ya feni, sauti ile ikapanda kutoka chini, naye akadondosha bisibisi. Kwa mwezi mzima alifuatilia sauti kabla hajaijua sura. Mpaka uzeeni alipenda kusema kwamba alimposa mkewe akiwa amempa mgongo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mkewe alifanyiwa upasuaji wa shingo. Uvimbe ulikuwa umekaa pabaya, madaktari walimweleza mapema kwamba mshipa wa sauti uko jirani mno, naye akakubali, kwa sababu alitaka kuishi. Aliishi. Ila sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono, na kovu jembamba shingoni lililokuwa kama uzi uliosahaulika na fundi nguo. Tangu hapo, sauti ya mke wa Sikio ilibaki mahali pamoja tu duniani, nayo ni ubeti wa tatu wa upande wa pili wa kanda moja kuukuu.

Sasa mnaelewa kwa nini mtu alikosa usingizi kwa ajili ya redio. Kwa miaka mitatu, minne hivi, ubeti ule ulikuwa unafifia. Mwanzoni alidhani ni kanda, akaifungua na kuipangusa kwa kitambaa laini. Baadaye akadhani ni ile sehemu ya kusomea kanda, akaisafisha kwa spiriti. Ngoma zilikuwepo. Miguno ya wanaume ilikuwepo, mizito kama zamani. Lakini pale mke wake alipotakiwa kupanda, palikuwa na kitu chembamba, mbali, na Jumapili ile palikuwa hapana kitu kabisa. Alirudisha kanda mara tatu. Mara tatu wanaume waliguna, wakaguna, ngoma zikarudi, ubeti ukawa umepita.

"Spika zimekufa," alisema. "Zile ndogo za juu, zinazotoa sauti nyembamba. Tununue redio mpya."

Mkewe alivuta kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso, dirisha likiwa nyuma ya mumewe ili mwanga umpige yeye usoni. Ndivyo walivyozungumza nyumba ile tangu upasuaji. Hakuna aliyeita mtu kutoka chumba kingine. Mama akitaka kitu alipiga makofi mawili, ukaenda alipo, ukamtazama. Hata taa ya jikoni ilikuwa imehamishwa ikawekwa juu ya meza. Wageni walipata shida sana naye. "Unasemaje, mama? Sema kwa nguvu kidogo." Watoto wake mwenyewe walimtaka arudie mara mbili mbili. Mumewe peke yake hakuwahi kumwambia aseme kwa nguvu. Alimdaka kila neno, hata jikoni maji yakiwa yanachemka. "Ndiyo maana anaitwa Sikio," watoto walisema, na baba yao alijikohoza kwa unyenyekevu wa uongo.

"Redio haina neno," mkewe alinong'ona.

"Haina neno? Hukusikia? Hukusikia kwamba ubeti hausikiki?"

Mkewe alimnyooshea kola ya shati. "Tumezeeka na redio yetu," alisema. "Iache."

Sikio alilichukua jambo hilo kuwa ni ubahili, akanuna mpaka jioni.

Binti yao wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, alipokuja kuwatembelea, alisimama upande wa baba. "Mama, baba hana starehe nyingine. Hanywi, hachezi bao, hata mpira hatazami. Redio tu ndiyo unamnyima?" Mama akainua mikono, ishara ya kwamba ameshindwa kwa kura. Basi Sikio akachukua kanda yake, akaifunga kwenye leso, akaenda kwa fundi redio.

Fundi redio alikuwa mrefu mwembamba, na mtaa mzima ulimwita Antena. Duka lake lilikuwa limejaa matumbo ya vifaa, na yeye mwenyewe alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuanza nyingine. "Mzee Sikio! Kanda? Redio za siku hizi hazili kanda, mzee, zinakula flashi. Lakini usijali, naihamishia mimi mwenyewe, taratibu, nyuzi kwa nyuzi, halafu nakuletea muziki mpya nyumbani, redio na spika zake, uujaribu. Ukiupenda tunazungumza. Usipoupenda naubeba, hatugombani."

Siku tatu baadaye Antena alikuja mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kusaga, akasimama mlangoni huku unga ukimwangukia kichwani, akapayuka. Sikio alimtoa nje kwa mkono.

"Mzee, yule mama kwenye wimbo wa mwisho ni nani?"

"Kwa nini?"

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane. Mzee, anavuta pumzi! Kabla ya kuanza, anavuta pumzi, inasikika, halafu anaimba. Nilizima kila kitu dukani, nikakaa chini. Na mwishoni, akishamaliza, anacheka kidogo. Hivi. Kama mtu aliyeponea chupuchupu."

Sikio aliegemea ukuta. Kwa miaka yote ile hakuwahi kusikia pumzi, wala hakuwahi kusikia cheko. "Ni mke wangu," alisema. Siku hiyo alisaga mahindi ya watu huku anatabasamu peke yake, na wateja wakaulizana mzee amepata nini.

Jumamosi mchana Antena aliwasili na mkokoteni. Spika mpya zilikuwa nyembamba, nyeusi, zimesimama kwa adabu. "Hizi hazitetemeki," alijigamba. "Leteni glasi ya maji." Binti alileta glasi. Antena aliiweka juu ya boksi la zamani, akawasha redio ya zamani, na maji yakaingia viduara, mwisho yakamwagikia picha ya harusi. Akaihamisha juu ya spika mpya, akafungulia muziki mpaka vioo vya madirisha vikalia. Maji yalitulia tuli. "Mnaona? Nguvu yote inaenda kwenye sauti, haipotei kwenye mbao. Sasa tumsikilize mama."

Walikaa wanne: Antena kwenye zulia, binti kwenye mkono wa kochi, mke karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kutoka, na Sikio katikati, amevaa shati la kutokea.

Lo! Wimbo ulipoanza, Sikio alishika magoti yake. Ngoma hazikuwa ndani ya redio tena, zilikuwa sebuleni. Alijua ni ipi iliyokaa kushoto. Wanaume walipoingia aliwaona, mmoja mmoja, yule mpakaji rangi mwenye kifua cha ng'ombe dume, yule mlinzi wa geti aliyekuwa akichelewa nusu mpigo kila mara, na kweli, pale pale alichelewa. Watu ambao baadhi yao walishazikwa walikuwa wamejaa ndani ya nyumba yake, wanaguna. Machozi yalimtoka bila haya. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, ngoma zikapungua, wanaume wakabaki chini, na yeye akafumba macho, akainamisha kichwa upande, akasubiri ile pumzi.

Akasubiri.

Wanaume waliguna. Hakuna kilichopanda. Alifumbua macho, na alichokiona kilimtia baridi. Antena alikuwa amefumba macho, mdomo wazi. Binti yake ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka. Mkewe alikuwa ameinuka, ameshika mgongo wa kiti, anatazama spika kwa macho ya mtu aliyekutana njiani na nafsi yake. Kulikuwa na kitu chumbani. Kila mtu alikuwa nacho isipokuwa yeye.

"Imekwenda," alisema kwa sauti. "Antena, hii nayo imekwenda. Kanda imeharibika."

Binti aligeuka, hakuelewa. Antena alifumbua macho, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza maishani akasema sentensi fupi.

"Anaimba sasa hivi, mzee."

Ngoma zikarudi. Ubeti ukawa umepita.

Mkewe alizima redio mwenyewe. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akahakikisha mwanga unampiga usoni, kisha akainua kiganja, akakiweka mbele ya mdomo wake. Mashavu yake yalicheza nyuma ya vidole. Akashusha mkono.

"Nimesema nini?" alimwuliza.

Sikio aliutazama ule mkono ulioshushwa.

"Nimesema, hujambo Sikio." Alisubiri kidogo. "Nimejua miaka mitano sasa. Hunisikii. Unanisoma."

Kwanza alikasirika, kama mwanamume yeyote angekasirika. Miaka mitano! Mbona hakumwambia? Amekuwa akimwacha azunguke mitaani na jina la Sikio kama mjinga? Binti alitaka kuingilia, mama akamzuia kwa mkono.

"Ningekwambia vipi?" alinong'ona, na sasa Sikio aliona jinsi midomo ile ilivyochonga kila neno, polepole, kwa ajili yake tu. "Kazi yako ni masikio. Halafu, mume wangu, sikiliza. Dunia nzima inaniambia nipaze sauti. Daktari, jirani, wanangu. Wewe hujawahi. Kila nikikaa mbele yako najiona mtu mzima. Nilisema, akijua ni macho, ataanza kuhangaika, ataanza kuniuliza unasemaje. Nikanyamaza. Nisamehe, nilikuwa mchoyo."

Sikio alishusha kichwa. Aliwaza jinsi nyumba nzima ilivyopangwa kwa ajili ya mnong'ono wa mama, taa, viti, makofi mawili, na jinsi mpango ule ule ulivyomficha yeye, asigundulike na watu wala asijigundue. Mashine ilikuwa imemla masikio punje kwa punje kwa miaka thelathini na mitatu, na hakuna aliyeona, kwa sababu nyumbani kwake kila mtu alikuwa kiziwi kidogo kwa heshima ya mama.

Antena alikusanya waya zake kimyakimya. "Nawaachia mpaka Jumatano," alisema kwa binti. "Msiharakishe."

Jumatatu Sikio alikwenda kazini kama mtu anayekwenda kutoa barua ya kuacha kazi. Ilikuwa imeandikwa tayari kichwani. Mtu asiyesikia mke wake anaimba atasikiaje beringi? Kabla hajavua kofia, mwenye mashine alimwita kwa mkono: kinu cha pili kinaunguruma vibaya, aje asikilize.

Sikio akaona huu ndio mwisho wake, bora uje mapema. Akatoa pamba kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akaziba masikio yote mawili barabara, apate kuujua ukweli wote. Kisha kwa mazoea akaweka kiganja juu ya bodi ya mashine.

Nayo mashine ikamwambia.

Ilipanda kwenye mfupa wa kidole cha kati, ikaingia kiwikoni: mpigo mmoja mzito, mmoja mwepesi, na kati yao mkwaruzo mdogo usiotakiwa kuwepo. Nyundo moja ya kupondea nafaka ilikuwa imelegea, ya tatu kutoka mkandani. Aliijua kama alivyojua meno yake. Alikaa hivyo, pamba masikioni, akihisi kila beringi, kila boliti, mpaka nafaka yenyewe ikipasuka ndani. Kwa miaka yote alidhani mkono ni madoido na sikio ndilo kazi! Sikio lilikuwa linakula sifa, kiganja kikifanya kazi. Hata siku ile ya betri, alikumbuka sasa, alikuwa amesimama pekupeku juu ya zege.

"Vipi?" mwenye mashine aliuliza kwa kidole gumba.

"Imekwenda. Nyundo ya tatu."

Walifungua, ikawa ya tatu. Sikio alikitazama kiganja chake kilichojaa unga mpaka mwenye mashine akamuuliza kama amejikata.

Aliomba ruhusa, akarudi nyumbani saa nane mchana. Mkewe alikuwa uani anaanika. Hakumwita. Aliweka flashi, akaziba tena masikio kwa pamba, akapiga magoti mbele ya spika mpya, akabandika kiganja ubavuni mwake. Wimbo ulikuwa unaenda, alijua kwa kuona taa zikichezacheza, lakini chini ya mkono wake palikuwa pamekufa. Glasi ya maji ilisema kweli: spika ile haikupoteza chochote kwenye mbao, na kwa hiyo haikumwachia chochote.

Akatambaa mpaka kwenye boksi la zamani, akaweka kanda. Akakumbatia lile boksi la kushoto, kiganja kimoja ubavuni, kingine juu, ilipokaa picha. Ngoma zilimpiga mikononi. Wanaume waliingia wakamtetemesha mpaka kifuani. Ngoma zikapungua. Na juu ya ule mguno mzito, mbao zikaanza kuwasha, mtetemo mwembamba, mwepesi, ukipanda hatua kwa hatua, ukikaa juu, ukitetemeka, ukishuka. *Nani kafungua dirisha.* Alihesabu silabi kwa ngozi. Zilikuwa zote. Hakukosa hata moja. Alibaki amepiga magoti sakafuni, mdomo wazi, na lilipoisha neno la mwisho alihisi mguso mdogo wa haraka, kama mtu amegonga boksi kwa ukucha kutoka ndani. Hilo ndilo lilikuwa cheko.

Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni na beseni kiunoni. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani.

Hapo ndipo walipozungumza habari ya redio, kwa mara ya kwanza bila ubishi. Mkewe alikiri kwamba Jumamosi alipoisikia ile pumzi yake mwenyewe, alijisahau kabisa. Katika redio ya zamani alikuwa mwanamke fulani anayeimba mbali. Katika mpya alikuwa yeye, ana miaka ishirini na miwili, amechoka na zamu, koo limekauka, anaogopa kwamba hataifikia noti ya juu. "Nilikuwa nimesahau kwamba niliogopa," alisema. Lakini mara moja akaongeza kwamba si lazima, kusikia mara moja kumemtosha, Antena aje abebe vitu vyake.

Sikio alitikisa kichwa. Yeye aliyetaka redio mpya kwa ajili ya masikio yake alikuwa amegundua kwamba masikio hana, na aliyeikataa ndiye mwenye masikio ya kuistahili. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mkewe akacheka vile anavyocheka siku hizi, bila sauti, mabega tu.

Jumatano, Antena aliingia akiwa amejitayarisha kufariji watu. Badala yake alipewa kazi.

"Redio mpya inabaki," Sikio alisema. "Spika mpya ya kulia inabaki. Ya kushoto uitoe, uniungie hilo boksi la zamani."

Antena alishika kichwa. "Mzee! Huwezi kuunga dubwana hilo na spika ya kisasa. Ni sawa na kuvaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu mwingine. Sauti itaenda upande, nyumba itatetemeka, picha itaanguka—"

"Iache itetemeke. Ndiyo kazi yake."

Antena aliangalia mkono wa mzee uliokuwa umelala juu ya boksi, akamwangalia mama, akafunga mdomo, akatoa bisibisi. Alifanya kazi saa nzima bila neno, jambo ambalo mtaani wangekataa kuliamini. Alipomaliza hakuomba hata maji. Aliwasha wimbo, akatoka kwa kunyata.

Mke alikaa upande wa kulia, karibu na spika mpya. Mume alikaa upande wa kushoto, mkono juu ya mbao. Viti vyao vilikuwa jirani, vimeelekeana kidogo, na mwanga wa dirisha ulimwangukia mama usoni kama kawaida. Ngoma zilimfika Sikio, wanaume wakamfika. Picha ya harusi ikaanza safari yake. Ngoma zikapungua, na mbao zikaanza kuwasha chini ya kiganja.

Alikuwa anamtazama mkewe ili aone anavyosikia. Ndipo alipoona midomo yake inacheza. Haikuwa inazungumza naye. Ilikuwa inakwenda na ubeti, neno kwa neno, dirisha, nyumba, nyeupe. Tangu upasuaji hakuwa ameimba hata mara moja, si kanisani, si jikoni, alisema hawezi kuimba kitu kisichokuwepo. Sikio alidhani anaigiza tu kwa mdomo. Lakini misuli ya shingo ilikuwa imekaza, na kovu lilikuwa linapanda na kushuka.

Bila kuondoa mkono wa kushoto kwenye boksi, alinyoosha ule wa kulia, wa kazi, akaweka kiganja kwenye koo la mke wake, chini kidogo ya kovu. Akafumba macho. Akainamisha kichwa upande.

Kushoto, kwenye mbao, msichana wa miaka ishirini na miwili alikuwa anapanda. Kulia palikuwa kimya, ngozi tu, joto tu. Kisha, chini sana, kwenye mfupa wa kidole cha kati, kikaja kitu: kidogo, kinachokwaruza, kinakatika na kurudi, lakini kinapanda pale pale wimbo unapopanda na kushuka pale pale unaposhuka.

"Ipo," alisema Sikio.

Mkewe alikamata mkono ule kwa mikono yake miwili, akaukandamiza pale pale, akaendelea kuimba.